Dali na daraja la Baltimore: tagi ya aina gani ingeiokoa, ifungwe wapi, na kwa spidi gani

Usiku wa tarehe 26 Machi 2024 meli ya kontena inayoitwa Dali, urefu karibu mita 300 na upana mita 48, iliondoka kwenye gati la Seagirt bandari ya Baltimore kule Marekani ikielekea Colombo, Sri Lanka. Haikutoka hata bandarini. Umeme ulikatika, mashine kubwa ikazima, meli ikaanza kupinda kulia yenyewe mpaka ikaigonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, daraja likaporomoka ndani ya sekunde chache, na mafundi sita waliokuwa juu wakiziba mashimo ya barabara wakafa. Wengi wameandika kuhusu daraja, wengine kuhusu umeme wa meli, mimi nataka nikichambue kisa hiki kwa upande wa tagi, zile boti fupi zenye nguvu zinazovuta na kusukuma meli, maana lile swali lililozagaa kila mahali, eti kwa nini tagi ziliiacha meli mapema, ni swali la haki kabisa lakini halijakamilika. Tagi kuwepo tu haitoshi. Ni tagi ya aina gani, imefungwa sehemu gani ya meli, na meli inakwenda noti (maili za baharini kwa saa) ngapi.

Kwanza tupange mambo yalivyotokea. Meli ilisaidiwa na tagi mbili kutoka gatini, zikaivuta na kuigeuza hadi ikakaa sawa kwenye mkondo wa Fort McHenry, na ilipofika kama saa 7 na dakika 7 usiku kazi yao ikawa imeisha, zikaachiwa zikaondoka. Huo ndo ulikuwa utaratibu wa kawaida pale, hakuna sheria iliyovunjwa. Rubani (mtaalamu wa bandari anayeiongoza meli) wa kuiondoa meli gatini naye huwa anashuka kwenye hatua hiyo, anabaki rubani wa mkondo. Saa 7 na dakika 25 umeme ukakatika mara ya kwanza, meli ikiwa imebakiza kama urefu wake mara tatu kufika darajani. Rubani akaita tagi kwenye redio saa 7:26, akaagiza nanga ya kushoto idondoshwe, akaomba polisi wazuie magari darajani, na hilo la magari liliokoa maisha ya watu wengi kwelikweli. Saa 7:29 meli ikagonga. Yaani dakika nne tu.

Chanzo cha umeme kukatika, wachunguzi wa NTSB (shirika la Marekani la kuchunguza ajali za usafiri) walikuja kuonyesha ni waya mmoja uliokuwa haujakaa vizuri kwenye tundu lake, kile kibandiko cha jina la waya kiliwekwa vibaya kikazuia waya usiingie hadi mwisho, ukalegea, breka (swichi kubwa ya umeme) ikafunguka. Kisha umeme ulivyorudi ukakatika tena kwa sababu ya pampu ya mafuta ya jenereta. Mashine kubwa ilizima yenyewe kwa sababu pampu za kuipoza zimekosa umeme, na ikizima hiyo, pangaboi (propela) halisukumi tena maji kwenye usukani. Jenereta ya dharura ikaja ikaupa usukani umeme kidogo, lakini usukani wa meli ile bila maji ya pangaboi ni bamba la chuma tu linaloning'inia. Trasta ya omo (pangaboi dogo la mbele la kusukuma meli kiupande) nayo inataka umeme mwingi, haipo. Hapa ndo unaona kwamba kitu pekee kingeweza kuishika meli ile ni nguvu ya kutoka nje yake.

Sasa watu wakasema basi, zile tagi mbili zingebaki. Tuzibakishe kichwani tuone.

Tagi ya kugatisha imepangwa kwa kazi ya meli iliyosimama au inayotambaa noti 2, 3. Hapo nguvu yake tunaipima kwa tani, tagi inafungwa kamba kwenye nguzo ya nchi kavu, inavuta kwa mwendo wake wote, mizani inasoma, tuseme tani 60. Hiyo ndo namba inayoandikwa kwenye karatasi na hiyo ndo wanunuzi wengi wanaiangalia. Shida ni kwamba namba ile imepimwa maji yakiwa yametulia. Meli ikiwa na noti 8, tagi iliyoko ubavuni ikitaka kusukuma lazima ijigeuze ikae mraba na ubavu wa meli, na maji yanayopita kwa spidi ile yanailaza nyuma, nguvu yake nyingi inaliwa na kujishikilia tu isiburutwe. Ukipita noti 5 au 6 hivi tagi ya ubavuni imebaki kidogo sana ya kumpa rubani. Dali wakati umeme unakatika ilikuwa kati ya noti 8 na 9. Kwa hiyo tagi mbili zikitembea pembeni yake bila kamba, au zimefungwa ubavuni kwa kamba fupi, zingesaidia kiasi, siwezi kusema sifuri, lakini siyo kama picha watu walivyokuwa nayo ya tagi inakuja inaisukuma meli na mambo yanaisha.

Na tagi ikiwa haina kamba, hesabu dakika. Baharia wa meli aende tezi, nyuma ya meli, kwenye giza (taa zimezima), arushe kamba nyembamba, tagi ifungie kamba kubwa, ipandishwe kwa winchi ya meli ambayo haina umeme, au ivutwe kwa mikono, itiwe kwenye bolardi (nguzo fupi ya kufungia kamba). Dakika nne zimekwisha hapo hapo hata kama mabaharia ni hodari.

Kwa hiyo tuiweke tagi ikiwa tayari ina kamba. Wapi? Hapa ndo penye utamu wa kisa na ndo sehemu inayorukwa mara nyingi. Meli inayokwenda mbele haizungukii katikati yake, inazungukia sehemu iliyoko mbele zaidi, kama robo ya urefu kutoka omo. Ukiweka tagi kwenye omo, mkono wake wa kuzungusha ni mfupi, halafu iko mbele ya meli inayokuja kwa noti 8, mahali pa hatari. Ukiweka tezi, katikati kabisa, kamba ikitoka kwenye tundu la katikati ya tezi, mkono wake ni kama robo tatu ya urefu wa meli, yaani kwa Dali zaidi ya mita 200. Tani moja iliyovutwa pale ina maana mara kadhaa ya tani iliyosukumwa mbele.

Kuna wanaosema kazi ya tagi ya nyuma ni breki. Tupige hesabu ya haraka. Dali na mzigo wake ilikuwa kama tani 112,000. Kwa noti 8 na nusu ni mita 4.4 kwa sekunde. Tagi moja ya tani 60 ikivuta nyuma kwa nguvu zote tangu sekunde ya kwanza, peke yake, ingehitaji kama kilomita 1.8 kuisimamisha. Daraja lilikuwa mbele kama kilomita moja tu. Maji yenyewe yanapunguza mwendo, ni kweli, meli ilipogonga ilikuwa imeshuka hadi karibu noti 7, na nanga ilikuwa chini, lakini hata ukijumlisha vyote, ukatoa na zile sekunde za rubani kuelewa nini kinatokea na nahodha wa tagi kujipanga, breki peke yake ni kamari. Meli ingefika darajani ikiwa bado inatembea. Kilichokuwa kinatakiwa ni kuishika mkia isipinde kulia, ipite katikati ya nguzo ikiwa imekufa mashine, halafu huko mbele isimamishwe taratibu. Usukani kwanza, breki baadaye.

Sasa aina za tagi, tuzipitishe moja moja mahali pale pale, tezi ya Dali, noti 8.

Tagi ya kizamani, pangaboi nyuma na usukani wake wa kawaida, ndoano ya kamba katikati ya sitaha. Hii siiweki pale hata bure. Kamba inatoka katikati ya chombo, na meli ikiwa na spidi, tagi ikichelewa kidogo kamba inaikamata ubavu, inaiburuta kiupande, maji yanapanda sitahani, inapinduka. Wala siyo hadithi ya vitabuni. Mwaka 2016 kwa jirani zetu Madagascar, bandari ya Tulear, tagi iitwayo Domingue ilipinduliwa hivyo hivyo ikihudumia meli ya kontena CMA CGM Simba, mabaharia wawili wakafa. Tagi za aina hii bado zina kazi zake, kuvuta tishari, kuvuta chombo kilichokufa baharini, hapo ni nzuri na bei yake ni nafuu. Kufungwa nyuma ya meli yenye mwendo, hapana.

ASD (azimuth stern drive) ndo tagi ambayo bandari nyingi duniani zinanunua sasa. Pangaboi mbili nyuma, kila moja inazunguka duara zima nyuzi 360, hakuna usukani, winchi kubwa iko mbele kwenye omo wa tagi. Ikifungwa tezi ya meli inaangaliana nayo uso kwa uso na inakimbia kinyumenyume, au inaburuzwa ikiwa tayari. Ikitakiwa breki inageuza pangaboi, ikitakiwa kuipeleka meli kushoto inaenda upande. Nzuri, ila ASD na ASD zinatofautiana. Kuna ile fupi nene ya mita 24 kwa 11, tani 70, imetengenezwa kwa ajili ya kugeuka sehemu finyu, chini haina pezi la maana. Na kuna ya kusindikiza, ndefu zaidi, ina pezi refu chini kuanzia mbele, winchi yake inaachia na kurudisha kamba yenyewe ikipata mzigo mkubwa, na imepimwa uimara wake ikiwa imelala ubavu. Kwenye bango zote zimeandikwa tani 70. Zikifungwa tezi ya Dali siyo kitu kimoja.

Tagi za trakta nazo, hasa za Voith Schneider, zile zenye visu vinavyosimama wima vinazunguka chini ya tumbo la tagi upande wa mbele na pezi kubwa nyuma. Ubunifu wa Ernst Schneider wa Austria miaka ya 1920, hadi leo unaheshimika. Tani kwa tani inavuta kidogo kuliko ASD yenye mashine sawa, na inataka maji yenye kina maana visu viko chini, lakini nguvu inabadilisha uelekeo karibu papo hapo. Halafu kuna za Kiholanzi za pangaboi tatu, mbili mbele moja nyuma, zinazokwenda upande wowote bila kujali, nazo ni kazi nzuri sana ila mashine tatu ni matengenezo ya mashine tatu.

Hizi za pezi zina mbinu ya pili ambayo ndo roho ya kusindikiza. Badala ya kuvuta kwa mashine, tagi inajilaza kiupande kwenye maji yanayopita, kamba inaishika, na mwili wake pamoja na lile pezi vinapokea maji kama tanga la jahazi linavyopokea upepo likienda joshi. Mashine sasa kazi yake ni kuishikilia tu ile pembe. Nguvu inayopatikana kwenye kamba inapanda na spidi mara spidi, kwenye noti 10 tagi nzuri ya kusindikiza inaweza kutoa zaidi ya tani zake za kwenye nguzo kwa mbali. Ila angalia upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo: ukishuka noti 8 unabaki na asilimia 64 ya ile ya noti 10, ukishuka 6 unabaki na asilimia 36. Kwa hiyo chini ya noti 6 hivi mvuto wa kawaida wa mashine ndo unashinda, juu ya 8 mbinu ya kujilaza ndo inashinda, na pale katikati, ambapo Dali ilikuwa inaelekea, nahodha wa tagi lazima ajue afanye ipi na abadilishe lini. Ndo maana kwa kisa hiki mimi nisingekufa kwa ajili ya Voith peke yake. Ningechukua ASD ya kusindikiza, tani 70 kwenda juu, pezi refu, winchi ya kisasa, imefungwa katikati ya tezi kabla ya kuziachia zile nyingine, na inabaki hapo hadi daraja liko nyuma ya meli. Moja iliyofungwa vizuri naiona bora kuliko tatu zinazotembea pembeni.

Ingeiokoa Dali? Nguvu ya tani 60, 70 kwenye mkono wa mita 200 dhidi ya meli inayoanza kupinda, ukianza mapema kabla mzunguko haujashika kasi, naamini ndiyo, ilikuwa na nafasi nzuri ya kuiweka kwenye mstari. Ikichelewa dakika moja nafasi inapungua haraka, maana meli nzito ikishaanza kugeuka kuizuia ni kazi kubwa kuliko kuianzisha. Na ingekuwa kwenye noti 6 badala ya 8 na nusu, zile dakika nne zinakuwa karibu sita na breki nayo inaanza kuwa na maana, kwa sababu nguvu ya kuisimamisha meli inategemea spidi mara spidi. Meli za kontena zina tatizo lao hapo, mashine ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa tayari inakwenda noti 7 au 8, ukitaka pungufu inabidi uizime na kuiwasha. Tagi iliyofungwa nyuma inamsaidia rubani hata hapo, inaiburuta kidogo meli iende polepole huku pangaboi linaendelea kusukuma maji kwenye usukani.

Kuna kikwazo ambacho ofisini hakionekani: chuma cha meli yenyewe. Tundu la katikati ya tezi na bolardi yake vimeandikwa SWL, uzito vinaoruhusiwa kubeba, na meli nyingi za kontena hazikujengwa zikifikiria kusindikizwa kama meli za mafuta. Unaweza kuleta tagi ya kutoa tani 100 kwenye kamba halafu bolardi imeandikwa 64. Hapo nahodha wa tagi anafanya kazi kwa 64, basi. Ukizidisha unang'oa chuma, na chuma kikiruka pale nyuma kinaua.

Marekani wenyewe haya wanayajua miaka mingi, lakini kwa meli za mafuta. Jimbo la Washington lilianza kudai tagi za kusindikiza kwa tanka zenye mzigo tangu 1975. Baada ya tanka la Exxon Valdez kupasuka mwambani kule Alaska Machi 1989 ikaja sheria ya 1990 ya tagi mbili kwa tanka, na mwaka 1999 Prince William Sound, maji hayo hayo ya Alaska, ikapata tagi mbili kubwa za Voith zilizojengwa kwa kazi hiyo tu, Nanuq na Tan'erliq. Kilichoogopwa ni mafuta. Meli ya kontena yenye uzito ule ule, ikipita chini ya daraja lenye watu, haikuwa kwenye fikra hiyo. Na siku kumi tu baada ya Dali, tarehe 5 Aprili 2024, meli ya kontena APL Qingdao ilikosa mashine ikitoka bandari ya New York, ikielekea upande wa daraja la Verrazzano. Tofauti ni kwamba yenyewe ilikuwa na tagi tatu za kuisindikiza, zikaishika, nyingine zikaja kuongeza nguvu, ikatiwa nanga salama eneo la Stapleton. Haikuwa habari kubwa, kwa sababu hakuna kilichoanguka.

Kwetu huku jambo hili linanigusa sana kwa sababu sisi watu wetu wako majini. Dar es Salaam pantoni la Kigamboni linakatiza mlango ule ule meli zinaoingilia, Mombasa feri za Likoni zinakatiza mlango wa Kilindini, na asubuhi zinakuwa zimejaa watu wamesimama bega kwa bega. Dar gati zimechimbwa hadi mita 14 na nusu ili meli kubwa zaidi ziingie, na hizo meli ndo za ukoo wa Dali, ubavu mrefu wa kontena unaoshika upepo wa kusi, mwendo wa chini kabisa noti 7. Pantoni haina nguzo ya zege ya kujikinga. Meli ikizima umeme mbele ya Magogoni, kona iko pale pale na nafasi ya kukosea hakuna, hizo dakika nne hatutakuwa nazo.

Kwa hiyo bandari ikitangaza zabuni ya tagi, naomba wasiishie kwenye tani za kwenye nguzo. Waulize nguvu ya kwenye kamba kwa noti 6, kwa noti 8 na kwa noti 10, kwa pande zote mbili, usukani na breki, na waone cheti cha kusindikiza kutoka kwa chama cha kukagua meli. Waulize winchi inaachia vipi kamba tagi ikiwa imelala na umeme wake umekatika. Wapime kina cha mkondo wakati wa maji kupwa kabla ya kumpenda Voith. Manahodha wa tagi wapelekwe kwenye mashine za mazoezi pamoja na marubani, wote chumba kimoja, wazimiwe meli mara nyingi hadi ile sekunde thelathini ya kwanza wasiifikirie tena. Meli yoyote ya zaidi ya kiasi fulani cha urefu iwe na tagi tezini tayari ina kamba kabla ya kufika njia ya pantoni, ikiingia na ikitoka, na gharama yake iandikwe wazi kwenye ankara ya wakala. Na SWL ya chuma cha tezi iulizwe kwa wakala siku meli inapoombewa nafasi, pamoja na urefu wake na kina chake, siyo rubani apande usiku ndo aanze kutafuta maandishi yale kwa tochi.